Jukwaa la Mashariki Halijawahi Kujaa

Mgeni rasmi, kabla hujaupiga mpira wa kwanza, sisi wafagiaji wa uwanja huu tunakukaribisha. Risala aliyoipitisha meneja imebaki stoo. Hii ni nyingine, na ina haraka.

HISTORIA
Tuko wanawake kumi na wanne. Mechi ikiisha tunafuta viti. Kiti kisichokaliwa kina vumbi lake, kitambaa kinakwambia. Kwa hiyo idadi ya waliokuja tunaijua kuliko kipaza sauti.

MAFANIKIO
Mafanikio yetu ni ya karatasi. Kipaza sauti hutangaza jukwaa la mashariki limejaa, watu elfu nane. Sisi tunakuta vumbi, waliokaa hawafiki mia sita. Meneja analeta fomu ya usafi: "Mama, andika viti elfu nane vimetumika. Viti havina mdomo." Tukacheka, tukaandika, tukatia saini. Misimu minne. Hatukatai, mkono ni wetu.

CHANGAMOTO
Mwezi uliopita tulimwonyesha mkaguzi wa majengo ufa ulio chini ya jukwaa hilo. Kiganja kinaingia chote. Akafungua faili, akakuta fomu zetu.

"Akina mama, hili limebeba elfu nane kila wiki. Lingekuwa la kuanguka, lingeshaanguka."

Tukamwambia ni uongo, halijabeba hata elfu.

"Saini hizi za nani?"

Tukakiri ni zetu. Akagonga muhuri kwamba jukwaa ni salama.

Leo kiingilio ni bure kwa heshima yako, na jukwaa limejaa kweli, kwa mara ya kwanza. Safu za juu wamewekwa watoto wa shule. Binti wa mama anayekusomea hapa yumo. Asubuhi mama yake alimsihi akae safu za chini. Akajibu, "Mama nawe, kila kitu unaogopa. Juu ndiko mgeni atatuona."

MAOMBI
Tulikuwa tuombe glavu na maji ya kunywa. Tumeyafuta. Ombi ni moja: watoto washushwe sasa, safu kwa safu, polepole, na mpira usubiri. Wamefundishwa kukushangilia kwa kupiga miguu chini wote pamoja, ukiwapungia tu.

Basi, baba, tunakuomba usiwapungie. Mikono yako iache hapo magotini mpaka mtoto wa mwisho akanyage nyasi.

Mungu akujalie utulivu, awashike wale watoto, na saini zetu atusamehe akipenda.

Ni sisi,
Wafagiaji wa Jukwaa la Mashariki.