Mzee Makopo na Kifuniko cha Tangi la Tatu

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, mimi ni shemeji wa marehemu, kaka wa mjane wake, na karatasi hii iliandikwa jana na binti yake mkubwa, ila katika kuandika ameruka mwaka mmoja kwa kumwonea baba yake huruma, na mimi huo mwaka sitauruka, mnisamehe mapema.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1952, mtoto wa nne wa fundi baiskeli na mama aliyefua mashuka ya hospitali, akaanza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza darasa la saba mwaka 1966, akiwa wa pili kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, hayo aliyasema mwenyewe, na sisi tuliowahi kumsikia akiimba bafuni hatukumbishia.

Tarehe 1 Julai 1971 aliajiriwa kuwa mhudumu wa pampu katika kituo cha mafuta kilichokuwa kwenye kona ya barabara kuu, mkabala na ghala la saruji, na kwa sababu hakuwa mtu wa kuchelewa wala wa kujibizana na wateja, mwaka 1980 akapandishwa kuwa msimamizi wa zamu. Tarehe 12 Aprili 1975 alifunga ndoa na dada yangu, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1976, kijana mwaka 1979 na kitinda mimba mwaka 1984, na katikati ya hayo, mwaka 1982, akanitafutia mimi kazi pale pale kituoni, nikiwa na miaka ishirini na sita, sina mbele wala nyuma, ninalala sebuleni kwake na kumaliza sukari yake.

Sasa nafika mwaka ulioachwa. Alhamisi tarehe 20 Novemba 1986 meneja aliagiza vifuniko vya matangi ya chini ya ardhi vipakwe rangi upya, kifuniko chekundu kikiwa cha petroli na cha buluu cha mafuta ya taa, ili dereva wa lori ajue pa kumwaga mzigo wake, na aliyepewa brashi ni mimi. Nilikwangua rangi ya zamani yote, nikaenda kupiga soga na mkaguzi wa tiketi wa stendi ya mabasi ya pale ng'ambo, niliporudi sikugeuza vifuniko kutazama namba zilizochongwa kwa chini, nikapaka nyekundu kwenye namba tatu, tangi la mafuta ya taa. Kesho yake lori lilichelewa, foleni ya magari ilifika ghalani, marehemu akamwonyesha dereva kifuniko chekundu bila kupima tangi kwanza, kosa lake ni hilo na hakuwahi kulikana, petroli ikamwagwa humo, na saa kumi na mbili jioni mke wa seremala wa mtaa wa pili akajaza jiko lake la utambi mafuta ya taa aliyonunua kwetu, akawasha kiberiti, akafa yeye na wanawe wawili.

Jumamosi asubuhi, polisi hawajafika, nilichukua brashi nikapaka buluu juu ya nyekundu, na kile kingine cha buluu nikakipaka nyekundu, na walipouliza mbona rangi mbichi nikajibu kwamba vilipakwa juzi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Marehemu alisimama mbele ya hakimu akasema kifuniko alichomwonyesha dereva kilikuwa chekundu, dereva akasema hakumbuki rangi, alimwaga alipoonyeshwa tu, picha za polisi zikaonyesha buluu, nami nikaapa kwamba nilivipaka sawasawa, basi yeye akaonekana mwongo asiye na haya, akafungwa miaka miwili. Alitoka tarehe 9 Machi 1989, hakuna kituo kilichomtaka, akaziba pancha kando ya barabara kwa miaka ishirini na nane, na mtoto wake wa mwisho akaacha shule darasa la sita kwa sababu wenzake walimwita mtoto wa muuaji. Kubwa zaidi, na dada yangu ni shahidi, marehemu alianza kujishuku mwenyewe, akimwuliza mkewe kila mara kama mtu mwenye akili timamu anaweza kuona nyekundu mahali palipo na buluu.

Kituo kilivunjwa mwaka 1991, vyuma vyake vikachukuliwa na wauza chakavu, na hapo ndipo marehemu alipoanza kukusanya vitu vya vituo vya zamani, mabango ya bati yaliyoliwa na kutu, makopo ya oili, vijiti vya kupimia mafuta, kofia za sare, mpaka pampu ya mkono yenye kioo cha duara kichwani, iliyoingia chumbani baada ya kung'olewa mlango. Mlimcheka mkamwita Mzee Makopo, nami nilicheka pamoja nanyi, dada yangu akilalamika kwamba ameolewa mara ya pili na kituo cha mafuta na safari hii hakina hata mshahara. Kila kitu alikiandika kwa penseli nyuma, tarehe aliyokipata na mahali, na kwa wembe alikwangua kijisehemu kidogo kama ukucha, rangi juu ya rangi, mpaka ajue kilipita mikononi mwa nani na nani. Nilidhani ni mapenzi ya vyuma vikuukuu.

Mwezi Machi mwaka 2021 alianza kukohoa, hospitalini wakasema mapafu yamechoka, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 7 Juni 2022, saa nane mchana, akakata roho dada yangu akiwa amemshika mkono. Juzi tulipokuwa tunahamisha vitu vyake ili wageni wapate pa kukaa, nilishusha ukutani kifuniko cha chuma kilichotundikwa upande wa rangi ukitazama ukuta, namba tatu ya chini yake ikionekana, na nilipokigeuza nikakuta pale alipokwangua, buluu, na chini ya buluu nyekundu, na kwa penseli tarehe 6 Mei 2010. Jamani, miaka kumi na miwili! Nikakumbuka kwamba mwezi ule alikuja nyumbani kwangu siku ya kazi, akakataa chai, akawauliza wanangu wanasoma darasa la ngapi, akaaga, na tangu siku hiyo hakumwuliza tena dada yangu habari za nyekundu na buluu. Kwa nini hakunitaja sijui, na sitamsingizia wema wala hasira ambayo hakunieleza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliokesha nasi, na waziba pancha wenzake mliofunga kazi leo. Seremala uliyekaa pale nyuma, ambaye kwa miaka thelathini na sita ulivuka barabara kila ulipomwona, asante kwa kuja, na uliyepaswa kumkwepa ni mimi, na kesho asubuhi nitakwenda kituo cha polisi kuyasema haya tena, nikitoka huko nitakuja kwako ukinipokea.

Ratiba inaonyesha kwamba jeneza litabebwa na watu sita, na jina langu limeandikwa la kwanza upande wa kulia. Naomba mtu mwingine ashike nafasi hiyo. Shemeji, pumzika kwa amani niliyokunyima.