Sindano za Bora

Basi dogo lilipotoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda Lilongwe, Orpa, fundi cherehani mwenye mashavu yaliyoliwa na chunusi tangu ujana, aliketi nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wakibishana. Hakuwa na nia ya kusikiliza, ila neno "makovu" lilimfanya atege sikio.

"Bora, we ulinificha," alilalamika mmoja. "Tuliimba korali pamoja, sura zetu zote na makovu. Leo yako iko laini, yangu njo inabaki shamba la viazi."

"Sikuficha, Mathilde. Docteur alinipa dawa ya madoa, akanikataza kubonyeza chunusi na kutembea kwa jua bila kujipaka. Haya mashimo akayachoma na sindano ndogo-ndogo, mara ine. Hayaishe yote, yanapunguka tu. Gusa."

Mathilde hakugusa. Orpa ndiye aliyewashwa mkono.

"Crème yangu ulikataa!" alifoka Mathilde.

"Ile ya kuchubua? Inaunguza. Nilikuambia uache, ukasema niko na wivu."

"Ulikuwa nao!"

"Na leo ni nani iko nao?"

Orpa aliinamisha uso kana kwamba ameulizwa yeye. Tangu basi lilipopita Lumbadzi alikuwa akimchukia Bora kwa uso wake laini, mwanamke ambaye hakujua hata jina la baba yake.

Basi liliposimama kituo cha Kanengo, Mathilde alishuka bila kuaga. Orpa naye alikuwa amefika. Badala ya kushuka, alihamia kiti kilichoachwa, bado kina joto.

"Dada," alimwambia Bora, "huyo docteur iko wapi?"