Maisha ya Mama Turubai, Afisa Afya Aliyelikataa Jalala

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, viongozi mliofika, na ninyi mliosimama huko nyuma juani kwa kukosa viti, mimi ni mdogo wake mume wa marehemu, yeye akiniita shemeji na mimi nikimwita bosi, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu, wanavyosema wenyewe, ndimi mwenye sauti kubwa kuliko wote. Kabla sijaanza niseme jambo moja, ili asiwepo wa kushtuka mbele ya safari. Juzi alifika nyumbani mgeni kutoka halmashauri, akatupa pole vizuri, akanywa chai, kisha akatushauri kwa upole kwamba historia hii iwe ya kifamilia tu, mambo ya ofisini tuyaache yapite. Tulimshukuru, tukamsindikiza mpaka barabarani, tukarudi ndani tukakaa, na kaka yangu, ambaye sasa ni mgane, akafuta macho akasema, "Isomwe yote." Basi naisoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtaa wa chini, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo kando ya mfereji mkubwa wa maji ya mvua, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba fundi cherehani na mama aliyekuwa akifua nguo za watu. Alikuwa mbishi tangu mdogo, mama yake akisema kwamba huyu ukimwambia alale anakuuliza kwa nini, na wote waliona ni utoto utakaopita. Mwaka 1972, mvua kubwa ziliponyesha, mfereji ule uliziba kwa taka za soko la juu, maji machafu yakaingia majumbani yakakaa, na mdogo wao wa mwisho, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, akashikwa na kuhara na kutapika, akafia mikononi mwa dada yake huyu wakati wazazi wamekwenda kutafuta usafiri. Msibani watu wazima walisema imeandikwa hivyo, na yeye, mtoto wa darasa la tano, akauliza kwa sauti mbele ya wageni, "Na zile taka za soko, nani alizileta kwetu?" Alivutwa sikio akapelekwa jikoni.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana aliyohitimu mwaka 1978, kisha akakaa nyumbani akimsaidia baba yake kushona sare za shule, hadi mwaka 1980 alipopata nafasi chuo cha afya, akatoka na stashahada ya afya ya mazingira mwaka 1983. Tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa na halmashauri ya mji huu, akapewa meza isiyo na droo ndani ya chumba kilichokuwa pia stoo ya dawa za mbu, na kazi ya kukagua bucha, vyoo vya soko na magari ya taka.

Magari ya taka ndiyo yaliyomletea jina na mume. Kaka yangu wakati huo alikuwa dereva wa gari la taka, kijana wa kujisikia, na siku moja mwaka 1985 alikuwa akishuka mteremko wa sokoni gari limejaa pomoni, halina turubai, makaratasi na maganda yakiruka nyuma kama harusi, akakuta binti mwenye koti jeupe amesimama katikati ya barabara amenyoosha mkono. Akamwambia, "Dada, pisha, nina kazi." Yule binti akamjibu, "Na mimi hii ndiyo kazi yangu. Shuka, rudi ulikotoka, okota ulichomwaga, kisha katafute turubai." Kaka yangu alicheka, akapiga honi, binti hakusogea, magari yakapanga foleni, watu wa sokoni wakaanza kushangilia, na mwisho wa yote dereva akateremka akaokota kuanzia chini ya mteremko hadi juu, binti akimfuata nyuma na kumwonyesha alichokiruka. Madereva wote wakamwita Mama Turubai kuanzia siku hiyo, hata kabla hajawa mama wa mtu, na kaka yangu alirudi nyumbani kaloa jasho akasema amekutana na mwanamke wa ajabu. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu, binti wa kwanza ambaye ni mwalimu, wa pili fundi umeme, na wa tatu, kitinda mimba wetu, ambaye nitamtaja tena kwa sababu naye ana sehemu yake.

Sasa nifike pale tulipoombwa tusifike. Kwa miaka mingi mji huu ulikuwa na dawa moja tu ya taka, kuwasema wananchi, kila mwaka siku ya usafi, fulana mpya, mifagio mipya, picha na viongozi, na kesho yake mfereji umeziba vilevile. Marehemu alikataa maneno hayo. Alikuwa akisema watu si wachafu, ila mpango ndio mchafu, na mwaka 2006 alipopewa mtaa mmoja wa majaribio, akina mama wakatenganisha taka mbichi na taka kavu kwa moyo wote, kisha gari la halmashauri likaja likazimwaga zote pamoja mbele ya macho yao, alirudi ofisini akiwa amefura. Alimwambia mkuu wake, "Huwezi kumwomba mtu atenganishe jikoni, halafu wewe ukachanganye mlangoni kwake." Jaribio lile lilikufa, alichekwa, hata sisi wa nyumbani tulimtania, na yeye akaenda mlango kwa mlango kuwaomba radhi akina mama wale, ingawa kosa halikuwa lake. Kisha akajiandikisha masomo ya sheria ya jioni, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, akikaa dawati moja na vijana waliomwita bibi, kwa sababu alikwisha kuona kwamba bila sheria yenye meno ataendelea kubembeleza mpaka azeeke.

Mwaka 2011 halmashauri ilitaka kufungua jalala jipya, kubwa kuliko la zamani, mahali ambapo maji yake yangeshuka moja kwa moja hadi mtaa wa chini, na ili mkataba upite ilihitajika ripoti ya afya inayosema eneo linafaa. Aliitwa ofisi ya juu, akawekewa kiti na soda, akaambiwa, "Mama, tia saini tu, hii ni karatasi." Akajibu, "Kama ni karatasi, itupeni kwenye taka kavu." Soda hakuigusa. Wiki hiyohiyo alipewa barua ya uhamisho, akatolewa idara ya afya na kupelekwa kusimamia makaburi ya mji, na aliyemkabidhi barua alimtania kwamba huko atapumzika, kwa kuwa wafu hawatupi taka.

Ndugu zangu, alifika makaburini akakuta walio hai wamewatupia wafu kila kitu, mashada ya plastiki yamerundikana ukutani hadi kupita kimo cha mtu, mifuko, chupa, na nyuma ya banda moshi usiokatika wa kuchoma hayo yote. Angeweza kukaa kivulini akasubiri kustaafu. Badala yake aliwaita wachimba makaburi, akawaita na waokota chupa waliokuwa wakifukuzwa na askari wa mji kila wakiingia, akakaa nao chini wakapanga kazi, maua na majani yakawa mboji, chupa na vyuma vikatoka kwenda kwa wanunuzi, na mashada ya plastiki yakapigwa marufuku getini, akisimama mwenyewe na kuwaeleza wafiwa kwa upole, huku wengine wakimtukana. Madiwani wapya waliokuja kuzika mzee mmoja mwaka 2013 wakauliza mbona hapa ni pasafi kuliko ofisi zetu, na hapo ndipo alipowashika, hakuwaachia mpaka wakamwalika ukumbini.

Sheria ndogo ya taka aliyowapelekea ilipita tarehe 20 Agosti 2015, na naomba niitaje kwa ufupi, maana wengi mnaitumia bila kujua ilikotoka. Taka mbichi na kavu huchukuliwa siku tofauti na gari tofauti, anayechanganya hutozwa faini hata kama ni gari la halmashauri, waokota chupa wanatambuliwa kama wafanyakazi na wana glovu, buti na kadi ya matibabu, na kiwanda kinachouza kitu ndani ya chupa ya plastiki kinalazimika kuikusanya chupa hiyo ikishatumika. Jalala jipya halijajengwa mpaka leo, kwa sababu kwanza ripoti ilikosa saini, kisha taka za kulijaza hazikupatikana, na mfereji wa mtaa wa chini, mliokaa kule mnajua, mvua tatu kubwa zimepita na maji yakashuka yakaenda zake.

Kipengele cha viwanda ndicho kilichotugusa nyumbani. Kitinda mimba wetu alikuwa na kazi nzuri kiwandani, kiwanda cha vinywaji, akaitwa na wakubwa wake akaambiwa akamtulize mama yake. Akawajibu, "Ninyi mna mawakili, mpelekeni mahakamani. Mimi pale nyumbani bado naoshwa masikio." Hakumaliza mwezi, akaachishwa kazi, akarudi kwa mama yake na begi lake, na kwa mara ya kwanza nilimwona shemeji yangu akilia kwa ajili ya sheria ile, akisema kama kuna mtu aliyepaswa kuilipia ni yeye. Kijana akamwambia, "Mama, usirudi nyuma kwa ajili yangu, utanitia aibu." Leo anasimamia yadi ya kukusanyia chupa, na wenzake kumi na tisa wanakula kupitia yadi hiyo.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2021, akiwa amerudishwa idara ya afya lakini hajawahi kuombwa radhi, na kustaafu kwake kulikuwa kwa jina tu, maana kila kikao cha madiwani alikuwepo viti vya nyuma, miwani puani, akikohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichotuondolea mtu wetu. Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, daktari akamuuliza amevuta sigara miaka mingapi, akasema hajawahi, ila amevuta jalala. Sisi si madaktari, hatumshtaki mtu leo, lakini familia imetaka isemwe mbele yenu kwamba mwanamke huyu alipelekwa mwaka baada ya mwaka kukagua moto wa taka kwenye jalala la zamani akiwa na kitambaa tu puani, na maombi yake ya vifaa hayakupata jibu. Wodini hakutulia, aliwauliza wauguzi chupa za dripu zinakwenda wapi, na kabla hajaishiwa nguvu mapipa mawili ya rangi tofauti yalikuwa yamesimama mwisho wa korido. Alifariki dunia asubuhi ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, mume wake akiwa amemshika mkono, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliopika, mliolala nasi na mliotubeba, wafanyakazi wenzake mlioomba ruhusa na nyinyi mlionyimwa mkaja hivyohivyo, wachimba makaburi mliokataa kupokea malipo ya kazi ya leo, na waokota chupa mliokuja na sare zenu, tumewaona, kaeni mbele.

Na viongozi wetu tunawashukuru kwa kufika, ila tunajua kwamba Alhamisi ijayo kuna kikao, na kwamba ajenda ya tatu ni kukifuta kile kipengele cha viwanda, pengine ikidhaniwa kwamba aliyekuwa akikilinda tunamzika leo. Mgane atakuwepo, watoto watakuwepo, mimi na sauti yangu nitakuwepo, na ukumbi ule ni wa umma, milango inafunguliwa saa tatu asubuhi, yeyote anayetaka kutupa rambirambi ya kweli aje atupe pale.

Lala salama, shemeji, bosi wangu, lala utulie, sisi Alhamisi tunaingia ukumbini.