Mwenye Uzi Mwekundu wa Ghorofa Kumi na Nne

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa nne kati ya sita wa mama fundi cherehani na baba mwashi. Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu uhandisi mwaka 1996. Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa mbishi tu.

Kwa miaka ishirini na miwili alitafiti jinsi majengo makubwa yanavyopoteza umeme. Alishika uzi mwekundu wa mama yake mbele ya kila dirisha. Ukicheza, basi hewa iliyopoozwa inatoroka. Makarani wakambandika jina Babu Uzi.

"Mdogo wangu, umesoma kote huko ili ushike uzi?" aliuliza kaka yake, muuza vioo.

"Na wewe kaka unauza madirisha yasiyobana. Nani aone haya?"

Kaka alibadilisha mipira ya madirisha yale yote kwa bei ileile. Hajamfanyia hivyo mtu mwingine.

Tarehe 13 Desemba 2003 marehemu alimwoa mwalimu wa hisabati, wakajaliwa mabinti wawili.

Vipimo vya mwaka wa kwanza katika jengo lake la mwisho, la ghorofa kumi na nne, alivitupa mwenyewe. Ghorofa ya sita ilionekana tanuri, kumbe kipimajoto kilining'inia juu ya birika la chai la makarani. Alikiri, akaanza upya tarehe 1 Septemba mwaka jana. Mwenye jengo alishasema: bila vipimo vya mwaka mzima, hazimi mashine za kupoozea hewa za ghorofa tupu.

Mwezi Mei aligundulika ana ugonjwa wa ini. Tarehe 12 Agosti alimwita kaka kitandani.

"Zimebaki siku ishirini. Utanipimia kwa bei gani?"

"Tutapatana ukipona."

"Tupatane sasa."

Wakapatana: kila siku saa nane mchana, vipimajoto kumi na vinne, bila kubahatisha. Bei ilibaki baina yao.

Alifariki tarehe 24 Agosti 2024, saa nne asubuhi. Saa nane kaka alikuwa kwenye ngazi za jengo. Alisoma vyote kumi na vinne, akaandika. Hakulia. Namba zilikuwa nyingi.

Ameacha mama mzazi, mjane, mabinti wawili, kaka mmoja na dada wanne.

Leo ni tarehe 28. Zimebaki siku nne, hii ikiwamo. Waombolezaji wamwie radhi kaka akiondoka kabla ya udongo kumalizika. Saa nane ni saa nane.

Babu Uzi alale kwa amani. Kazi yake inamaliziwa.