Kiti cha Karibu na Mlango

Assalaamu alaykum, jamaa zangu. Bi mkubwa wa nyumba hii kaniomba niseme kidogo, na mimi nikianza sinyamazi, basi nivumilieni. Nyote hapa mnauguza wenye maradhi ya akili, au mliugua wenyewe. Mimi nimekuwa daktari wa maradhi hayo, na nimekuwa mgonjwa wake.

Miaka michache baada ya Mapinduzi, mtu mmoja wa Mkokotoni alimleta hospitali dada yake, mjane. Bibi yule alikuwa akimwona mwanamme wa kanzu iliyorowa chepechepe, anaingia, anakaa kiti cha karibu na mlango, anamtazama tu. Walishakwenda kwa mganga. Mganga akampandisha pepo, akamuuliza anataka nini. Pepo akataka kitambaa chekundu na pete, akapewa. Mwenye kanzu akazidi kuja.

Mkubwa wangu wa kazi akaamua bibi atiwe umeme wa kichwani. Sisemi tiba ile ni mbaya, wapo iliowaokoa. Lakini bibi alinishika mkono: "Daktari, msinitie. Nnaogopa." Nikenda kusema kuwa mgonjwa hataki. Mkubwa wangu akacheka.

"Kaka yake kesharidhia. Tangu lini mwendawazimu akaulizwa?"

Nikakataa kumtia. Nikaambiwa haya, mponye wewe kwa maneno yako. Nikawa nakaa naye kila asubuhi namsikiliza, na dawa anameza kwa hiari yake. Usingizi ukarudi, akala. Siku ya kutoka aliniambia kwa utulivu, "Leo hakuja. Nadhani kahama."

Ndugu zangu, sikumuuliza kahamia wapi.

Haukupita muda, nyumbani kwangu Jang'ombe, mchana kweupe, nikakuta kiti cha karibu na mlango kimerowa. Mvua haikunyesha. Nikakifuta, kikarowa tena. Kisha nikamkuta mwenye kanzu mwenyewe amekikalia, ananitazama.

Cheka, mzee wangu, usijizuie: mimi msomi wa akili za watu nikawa naingia kwangu kupitia dirishani ili nisimpite! Nikaacha kulala, nikaacha kula. Sikumwambia mtu, maana daktari wa wendawazimu akisema anaona watu, nani atamkabidhi mgonjwa tena? Mwishowe wenzangu wakanilaza hospitali ile ile. Na yeye akaja, akakaa karibu na mlango.

Nikawasikia nje wakimuuliza kaka yangu habari ya umeme. Kaka akajibu, "Fanyeni." Niliogopa. Kichwa ni changu, na hakuna aliyeingia kuniuliza.

Aliyeingia ni bibi wa Mkokotoni, kasikia nimelazwa, na bakuli la uji mkononi. Alikitazama kiti cha karibu na mlango, akatikisa kichwa, akakaa chini sakafuni. Wallahi, sikuwa nimemwambia mtu habari ya kiti.

"Daktari," akasema, "wewe mwenyewe unataka nini?"

Nililia kama mtoto. Mganga alimuuliza pepo. Sisi madaktari tunamuuliza kaka. Nikamwambia nataka dawa, nataka usingizi, nataka mtu wa kukaa nami, na umeme sitaki. Akatoka kuwaambia wenzangu, wala hakuondoka pale mpaka walipoingia kunisikia kwa masikio yao. Nikapona pole pole, nikarudi kazini, na mpaka leo kazi yangu kubwa ni kuwafundisha madaktari na wauguzi swali la bibi yule. Wengine hunichoka. Nawauliza tena.

Namshukuru Mola, namshukuru kaka yangu aliyeniomba radhi kwa machozi, nawashukuru wauguzi walionivumilia. Bibi yule simtaji, ila ajue uji wake ulikuwa mtamu. Na nyinyi, mkirudi majumbani, kabla hamjamuuliza mganga, au mimi, au mjomba wa mtu, muulizeni mgonjwa wenu. Hata akijibu ovyo, muulizeni.

Naona kiti kile cha karibu na mlango mmekiacha kitupu, na watu wamesimama. Kaeni, jamani. Mkikuta kimerowa, kifuteni. Mwenye kanzu msimuulize kitu. Niulizeni mimi.