Gwilym Ratiba na Sheria ya Watu Saba

Mchungaji, mama yetu Eluned, majirani wa Bryn Hesg, na nyote mliopanda mlima huu asubuhi kutoka vilabu vya Ligi ya Bonde la Hesgen, mimi ni Ifan, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye mwenyewe aliagiza nisome kwa sauti na nisijivute, kwa sababu leo ni Jumamosi na kuna mechi.

Gwilym Rees Parry alizaliwa tarehe 14 Novemba 1938 katika shamba la Tŷ Uchaf, hapa hapa Bryn Hesg, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Ieuan, mchimba mawe ya kuezekea, na Bibi Catrin, na kwa kuwa kijiji hiki hakijawahi kupungukiwa na akina Gwilym, kila mmoja huitwa kwa kazi yake, yupo Gwilym Maziwa, alikuwepo Gwilym Posta, na baba yetu ametutoka akiitwa Gwilym Ratiba.

Alisoma shule ya kijiji tangu mwaka 1944 hadi 1950, kisha sekondari ya Aberhesgen, alikomaliza Julai 1954, hesabu akiziweza na Kiingereza akikivumilia, na mwezi uliofuata akaingia machimboni pamoja na baba yake. Mwaka 1955 alivaa jezi ya Bryn Hesg kwa mara ya kwanza, akacheza beki wa kati misimu kumi na saba, na waliokutana naye wanasema hakuwa na mbio, ila alikuwa na viwiko. Machimbo yalipofungwa mwaka 1971, aliajiriwa idara ya barabara, akaondoa theluji kwenye njia zetu hizi hadi alipostaafu tarehe 30 Novemba 2003.

Ligi yenyewe ilizaliwa kabla yake, mwaka 1923, katika chumba cha nyuma cha kanisa hili, wachimbaji walipopata nusu ya Jumamosi kuwa yao, ikiwa na vilabu sita, vitatu vya machimbo na vitatu vya wafugaji, ikasimama wakati wa vita, ikarudi mwaka 1946, na baba alipochaguliwa kuwa katibu mwezi Juni 1974 ilikuwa na madaraja matatu ya timu kumi na mbili kila moja, mbili za juu zikipanda, mbili za mkiani zikishuka, na bingwa wa Daraja la Kwanza, uwanja wake ukiwa na uzio na bafu la maji moto, akiruhusiwa kwenda ligi kubwa ya kaskazini. Aliyeshika mkia Daraja la Tatu hakuwa na pa kushuka, maana chini yake, baba alikuwa akisema, kuna nyasi na kondoo tu. Alipanga ratiba kwa miaka thelathini na saba akijua uwanja upi hufurika mto ukipanda, na wiki ipi wafugaji hawatoki zizini kwa sababu kondoo wanazaa.

Mwaka 1987, vijana walipoanza kuhamia mijini na timu kukosa watu, ndiye aliyeandika sheria mnayoijua, kwamba klabu itakayoshindwa kufikisha wachezaji saba mara tatu katika msimu mmoja inafutwa, na kwamba uwanja ndio unaoahirisha mechi, si watu. Februari 1994 sheria hiyo iliikuta klabu ya Felin Wen, iliyokuwa imekwisha kukosa mara mbili, wiki ile ile waliyofiwa na nahodha wao, Hefin, na Elwyn, kaka wa Hefin, alikuja nyumbani kuomba wasogezewe mechi. Baba alimjibu, "Nikikupa wewe leo, kesho nitamnyima nani?" na Elwyn akamwambia, "Gwilym, moyo wako umechongwa machimboni," akaondoka, Felin Wen ikafutwa, na wazee hawa wawili wakakaa miaka kumi na moja kwenye benchi moja la kanisa bila kusalimiana. Kama baba alikosea au alipatia mtasema wenyewe kwenye chai, sisi tunachojua ni kwamba lilimuuma, na kwamba hakuibadili sheria.

Alifunga ndoa na mama yetu katika kanisa hili tarehe 8 Agosti 1964, siku iliyochaguliwa kwa kuwa msimu ulikuwa haujaanza, na mama amezoea kujiita mke mdogo, kwa maana mkubwa ni ligi. Walijaliwa watoto wawili, Nerys, Juni 1967, na mimi, Juni 1973, na yeyote anayecheka kwamba sote tulizaliwa nje ya msimu amechelewa, mzaha huo tumekua nao. Mimi nilicheza hadi goti la kushoto liliponisaliti mwaka 2004, lakini kila Agosti baba aliniletea karatasi ya usajili, nami nikimwambia, "Baba, goti limekufa," yeye alinijibu, "Nasajili mtu, sisajili goti, weka sahihi," nami naweka.

Alianza kuugua mapafu Oktoba mwaka jana, akalazwa mara mbili, na kitandani swali lake lilikuwa moja, "Mmefika wangapi?" Novemba tulimwambia watano, Januari tukamwambia sita, akageukia ukutani, kwa sababu Bryn Hesg, iliyo mkiani mwa Daraja la Pili ambalo sasa ndilo la mwisho, ilikuwa imebakiza kosa moja tu. Alifariki Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, mikononi mwa Nerys.

Katibu wa sasa, Rhiannon, alipiga simu kwa wema kabisa kusema mechi ya leo dhidi ya Aberhesgen inaweza kuahirishwa kwa msiba, na mama akamjibu, "Asante, mwanangu, ila huyu akisikia atainuka." Juzi jioni Elwyn alikuja na mkate wa zabibu, akakaa, akauliza, "Mnao wangapi?" Nikasema sita, usajili umefungwa. Akanywa chai yake yote, ndipo akasema, "Ifan, sita si saba," na sikulala vizuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotukamulia ng'ombe, wenzake wa idara ya barabara mliomwaga chumvi ya kuyeyusha barafu mlimani leo bila kuombwa, na Elwyn, aliyechora mistari ya uwanja asubuhi hii kwa mkono wake. Tutazika, mtakunywa chai, na saa nane na nusu mchana mpira utaanza, na tukifungwa kumi na tano zitaandikwa kumi na tano, lakini hatutafutwa. Wanaume sita watakaobeba jeneza ndio wachezaji wetu sita, nao wamevaa jezi chini ya makoti. Wa saba ni huyu anayewasomea.

Pumzika, Baba. Tumefika saba.