Cleavon Tidmore, Aliyechaguliwa Kabla ya Loomis

Cleavon Lamar Tidmore alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Februari 1965, mjini Hatchers Bend, Alabama, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Roosevelt na marehemu Idella Tidmore. Asubuhi ile mama alikuwa kwenye kwaya, na hakukubali kupelekwa kwa mkunga mpaka wimbo umalizike. Dada yake mkubwa, Verdell, ambaye ndiye anayewasomea haya, alikuwa ameahidiwa mtoto wa kike. Baadaye alimsamehe.

Alisoma shule ya msingi na sekondari papa hapa mjini, akahitimu Mei 1983. Walimu wake walimkumbuka kwa maswali. Siku moja katika darasa la Biblia alimuuliza Mchungaji Pettway kama Lazaro alikufa mara ya pili, na kama alikufa, je, watu walirudi kumlilia au walikaa kwanza kusubiri? Mchungaji alimtuma nje akapange viti. Mpaka anaondoka duniani alikuwa akilitafutia jibu swali hilo, na sasa bila shaka amemuuliza Lazaro mwenyewe.

Alicheza besiboli tangu alipoweza kuinua fimbo. Aprili 1983 alikuja mtafuta vipaji wa klabu ya Louisville, Bwana Emmett Strand, mzungu mrefu mwenye kofia ya majani, akakaa nyuma ya wavu. Siku ile Cleavon alipiga mipira mitatu nje ya uwanja, na mmoja uliangukia kwa Wamethodisti wakiwa kwenye arusi. Jumatatu, tarehe 6 Juni 1983, klabu kubwa zilipopokezana zamu kuchagua vijana wa mwaka ule, Louisville walikuwa wa tatu, wakamchagua Cleavon. Mji mzima ulilala macho kwa furaha. Memphis walikuwa wa nne, wakamchukua kijana wa Oregon aitwaye Garrett Loomis.

Wanaoujua mchezo huu wameshaanza kuguna hapo walipo. Kwa wasioujua: Loomis alicheza ligi kuu miaka ishirini, na Memphis wamemjengea sanamu. Cleavon alicheza misimu sita katika ligi ndogo za Iowa na Carolina, na ligi kuu hakuigusa hata siku moja. Mpira ulionyooka aliupiga kama aliyetukanwa nao. Mpira unaojipinda ulimshinda. Hakuumia bega wala goti, na hakuwahi kumsingizia kocha. Alirudi nyumbani Septemba 1989 na begi moja, akamuuliza mama kama kuna kambare wa kukaanga.

Mwaka 1990 aliajiriwa na kampuni ya umeme ya wilaya, akapanda nguzo kwa miaka ishirini na minane. Baada ya kila kimbunga yeye ndiye aliyewarudishia wengi wenu mwanga. Hata huko juu watu hawakumwacha na habari ya Loomis. Mama mmoja wa barabara ya Mt. Zion, ambaye yumo humu na sitamtaja, alisimama chini ya nguzo akiwa na mwavuli akapaza sauti:

“Kaka! Si wewe yule waliyemchukua wakamwacha Loomis?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Basi angalia usije ukakosea na huko juu!”

“Ukitaka nimwite Loomis aje akufungie waya, sema tu. Lakini utakaa gizani mpaka Krismasi.”

Tarehe 23 Juni 1990 alifunga ndoa na Ernestine Battle katika kanisa hili. Ernestine hakujua chochote kuhusu besiboli na hakutaka kujua, na Cleavon alisema hiyo ndiyo mahari aliyoletewa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Quinton na Idella Mae.

Kila Juni simu ililia. Magazeti yana tabia ya kurudi kwenye darasa la zamani, yaani vijana waliochaguliwa mwaka mmoja, na kulichagua upya, kana kwamba mwisho wa hadithi ulijulikana tangu mwanzo. Katika chaguzi hizo za upya Loomis alikuwa wa kwanza daima, na Cleavon hakuwemo kabisa. Mimi ningeukata waya wa simu. Yeye alivuta kiti.

“Bwana Tidmore,” mwandishi mmoja alimuuliza, “unadhani darasa la ’83 limehimili vipi miaka?”

“Magoti ni mabovu, mwanangu. Mengine mazuri. Hebu niambie, yule aliyechaguliwa wa kwanza, Fitch, bado anaishi Montana? Mkewe alipona?”

Kijana hakujua. Alikuwa na hesabu ya mipira yote aliyopiga Fitch, lakini habari za mkewe hakuwa nazo. Basi Cleavon akaanza kuwatafuta mwenyewe wenzake wa darasa lile. Alijua nani alikuwa shemasi, nani alikuwa jela, nani aliacha pombe na nani aliirudia. Loomis mwenyewe alimpigia simu kwanza kumwomba radhi, sijui kwa kosa gani, na tangu hapo walisalimiana kila Juni. “Namba tatu, hujambo?” “Sijambo, namba nne. Umejifunza adabu ya kufuata nyuma?” Kicheko chao kilisikika mpaka kwangu, mtaa wa pili.

Lakini lilikuwepo swali lililomnyima usingizi, na ni haki lisemwe leo. Quinton alipokuwa darasa la sita alirudi nyumbani na mdomo uliopasuka. Shuleni walikuwa wamemwambia baba yake ndiye kosa kubwa kuliko yote katika historia ya Louisville, akajibu kwa ngumi. Tulikuwa jikoni tunamenya maharage. Akamtazama baba yake na kuuliza, “Baba, ulikuwa unaweza kweli? Au walikosea tu?”

Ndugu yangu, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, aliweka bakuli chini. “Sijui, mwanangu,” akasema. “Nami ningependa kujua.”

Kushindwa hakukumsumbua. Alichotaka kujua ni kama kulikuwa na kitu chochote ndani yake siku ile ya Aprili, au alikuwa ameishi ndani ya kosa la mtu mwingine. Aliyeweza kumjibu alikuwa mmoja tu, na Cleavon alimwogopa, kwa sababu Louisville walikuwa wamemfukuza kazi Bwana Strand kwa ajili ya uchaguzi ule.

Oktoba 2018 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Januari, akiwa bado na nguvu za kukaa kwenye gari, aliniambia, “Dada, nipeleke Missouri.” Ernestine alitufungashia mkate wa mahindi, na mimi niliendesha. Tulimkuta Bwana Strand katika nyumba ya wazee, umri wake miaka themanini na minane, na blanketi miguuni. Cleavon alivua kofia.

“Mzee, sidhani kama unanikumbuka.”

Mzee hakumtazama usoni. Alitazama mikono yake. “Hatchers Bend,” akasema. “Mpira ulivuruga arusi.”

“Nimekuja kukuomba radhi kwa kazi yako.”

“Kazi gani? Kula baga ndani ya gari na kulala hoteli zenye kunguni? Kaa chini.”

Cleavon akakaa, akauliza. Aliuliza polepole, na mimi niligeukia dirishani, maana sikuweza kumwangalia. “Siku ile. Uliona nini?”

“Vifundo vya mikono yako. Nimetazama vijana miaka arobaini, sikuona vingine vya haraka kama vile.”

“Kwa hiyo kitu kilikuwepo?”

“Kilikuwepo. Unadhani mimi kipofu? Ila wilaya yenu nzima haikuwa na mtoto hata mmoja aliyejua kuupinda mpira. Sasa ningejuaje kwamba ungekushinda, wakati hakuna aliyekurushia?” Akakohoa, akapumzika. “Ningekuchagua tena.”

“Mzee, ndiyo maana walikufukuza!”

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuona nani anakufa. Tulipotoka, kabla hatujalifikia gari, Cleavon alisimama kwenye theluji akampigia simu Quinton huko Atlanta. Hakumsalimia. Alisema, “Kilikuwepo, mwanangu,” kisha akalia, na mimi nikalia naye, watu wazima wawili kwenye maegesho ya watu.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 30 Aprili 2019, akiwa na Ernestine na watoto wake pembeni. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Ameacha mjane, Ernestine, mwana, Quinton, na mkewe, Renita, binti, Idella Mae, wajukuu watatu, dada mmoja, Verdell, na kundi la binamu ambao wataonekana vizuri wakati wa chakula. Ameacha pia darasa la 1983, ambalo baadhi yao wako safu ya nne wakiwa wamenyoosha magoti njiani, tafadhali mpite kwa uangalifu. Bwana Loomis ameomba kulibeba jeneza. Tulimpa nafasi ya mbele, kwa heshima ya mgeni. Ameikataa. Amesema zamu yake ni nyuma ya Cleavon.

Pumzika salama, mdogo wangu. Bwana amekuchagua, na huko hakuna gazeti la kuchagua upya.